Jina la Kitu, Si Mahali Kilipokaa: historia fupi ya etiketi za HTML, kutoka Masisi na Walikale



Miye ni mtu wa agronomia. Nilisomea udongo, mbegu na magonjwa ya mimea, ordinateri sikuisomea. Lakini wote mnajua namna inavyokwenda kwetu: ukimaliza licence, ukabahatika kupata kazi kwenye mradi, haupiti muda wanakukabidhi laptopu na kukuambia, "Wewe kijana, data pia utaishughulikia." Njo vile nilijikuta usiku, umeme ukiwa wa kubahatisha, najifunza HTML na skripti ili orodha za wakulima zisomeke vizuri.

Leo nataka kuwaandikia historia. Si ya wafalme wala ya vita, ingawa kwetu vita haikosi kupita humo. Ni historia ya kitu kidogo sana: atributi, lile neno linaloandikwa ndani ya etiketi ya HTML ili skripti ijue kitu gani ni kipi. Nimeichagua kwa sababu kosa langu katika jambo hilo lilimgharimu mama mmoja wa upande wa Katoyi mbuzi wake.

Orodha iliyopungua

Ilikuwa msimu A wa 2022. Wasiosoma agronomia niwakumbushe: kwetu Kivu msimu A unaanza na mvua za Septemba, msimu B unaanza Februari. Maharagi hayangoji. Ukikosa mbegu wakati udongo uko tayari, umekosa msimu mzima.

Nilitengeneza ukurasa wenye jedwali, kila mstari familia moja. Safu ya kwanza ilikuwa namba, ya pili jina, ya tatu kijiji, ya nne teritware. Kazi ya skripti yangu ilikuwa nyepesi: iende kwenye seli ya nne ya kila mstari, ikikuta "Masisi", iiweke ile familia kwenye orodha ya Masisi, ikikuta "Walikale", kwenye orodha ya Walikale. Ilifanya kazi vizuri, nikajiona fundi.

Siku chache kabla ya kugawa mbegu, mkubwa wa kazi aliomba tuongeze zoni ya afya. Mwenzangu akaingiza safu mpya mbele ya ile ya teritware. Kuanzia hapo safu ya nne ikawa zoni ya afya, na teritware ikasogea kuwa ya tano.

Mtego ulikuwa hapo. Masisi ni jina la teritware, ni jina la zoni ya afya, tena ni jina la centre. Walikale ni vilevile. Lakini teritware ya Masisi ina zoni za afya zaidi ya moja: kuna Masisi yenyewe, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale nayo ina Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Kama majina yangekuwa tofauti kabisa, skripti ingerudisha orodha tupu na sisi tungeshtuka. Lakini ilipofika kwenye seli ya nne iliendelea kukuta neno "Masisi" kwenye mistari mingi. Haikulia, haikuonyesha kosa lolote. Ilitoa orodha safi, nzuri, iliyopangwa kwa alfabeti: watu wa zoni ya Masisi peke yao.

Mwenzangu aliitazama akasema, "Hii orodha ni kama imepungua." Nikamjibu kwa kiburi cha licence yangu: "Ordinateri haidanganyi."

Siku ya kugawa alifika mama mmoja, ametembea tangu alfajiri na kikapu chake mgongoni. Nilipitisha kidole kwenye karatasi mara tatu.

"Mama, jina lako silioni."

"Mwanangu, jina yangu haiko? Si ni weye uliniandika? Hata uliniuliza niko na batoto ngapi."

"Ni kweli, mama. Lakini haiko."

"Sasa miye nitapanda nini?"

Hakugombana. Aliinua kikapu akarudi, na hakuwa peke yake aliyerudi hivyo. Baadaye nilisikia kwamba aliuza mbuzi sokoni ili anunue mbegu. Msimu B tuliweka jina lake la kwanza kwenye orodha, akapata maharagi yake. Mbuzi hakurudi.

Usiku ule nilifungua skripti na kuisoma neno kwa neno. Hakukuwa na mahali popote ilipotajwa teritware. Kilichoandikwa ni "ya nne" tu. Neno teritware lilikuwa kichwani mwangu. Ordinateri haikuwahi kuambiwa.

Kutoka "ya ngapi" hadi "ni nini"

Nilipoanza kusoma ili nielewe, niligundua kwamba watu wa Web wamelipigania jambo hili karibu miaka yote ambayo Web imekuwepo.

Mwaka 1991, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN karibu na Geneva, alieleza etiketi za kwanza za HTML. Zilikuwa chache, na nyingi zilisema kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni orodha, hii ni anwani. Hazikujali sana rangi wala ukubwa. Wazo la mwanzo lilikuwa lile lile la mtunza ghala mzuri: andika kwenye gunia kilichomo ndani.

Halafu mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika JavaScript, toleo lake la kwanza likichukua kama siku kumi za mwezi wa Mei. Sasa ukurasa ungeweza kutenda kazi, si kusomwa tu. Lakini ili skripti itende, lazima kwanza ikikamate kitu cha kutendea. Kwa nini? Kwa sababu kuambiwa "badilisha bei" hakusaidii kama hujui bei iko wapi. Njia mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuhesabu: `document.forms[0]` ni fomu ya kwanza ya ukurasa, `document.images[2]` ni picha ya tatu, maana hesabu inaanzia sifuri. Fomu ikipewa jina, ungeweza kuiita kwa jina. Lakini wengi walihesabu, kwa sababu kuhesabu ni haraka.

Kuhesabu ni kama kumwelekeza mgeni: "Nenda nyumba ya tatu upande wa kushoto." Siku jirani akijenga nyumba mpya katikati, mgeni wako anaingia kwa mtu mwingine, na anapiga hodi bila wasiwasi wowote.

Miaka ile ile kurasa zilijaa jedwali zilizotumiwa kupanga sura, na etiketi za rangi na ukubwa wa herufi. Maana ya kitu ikamezwa na sura yake. Dawa ilikuja kwa hatua. Desemba 1996 shirika la W3C lilitoa CSS ya kwanza, ili mambo ya sura yapate nyumba yake. Tarehe 18 Desemba 1997 ikatoka HTML 4.0, ambamo karibu kila elementi iliweza kubeba atributi mbili: `id` na `class`. Oktoba 1998 ikaja DOM ya kiwango cha kwanza, pamoja na amri ambayo kila anayejifunza skripti hukutana nayo: `getElementById`. Maana yake ni rahisi: nipe kile kinachoitwa hivi, popote kilipo.

Wenzangu wa agronomia, hapa tuko nyumbani. Shambani kwenye majaribio tunagawanya viwanja vidogo, na kwenye kila kiwanja tunasimika kijiti chenye etiketi. Namba ya kiwanja haijirudii: hiyo ni `id`. Aina ya mbegu inajirudia kwenye viwanja vingi: hiyo ni `class`. Profesa yeyote atakufukuza ukimwambia, "Hiki ni kiwanja cha nne ukihesabu kutoka njiani." Njia inahama. Ng'ombe wanakanyaga mpaka. Kijiti ndicho kinachokuambia ukweli. Nililijua hilo tangu mwaka wa pili wa masomo, lakini nilipoketi mbele ya laptopu nililisahau kabisa.

Kupata atributi hakukumaliza shida, maana watu walianza kuandika majina ya sura: `class="nyekundu"`, `class="kushoto"`. Miye pia nilikuwa na `class="njano"` kwa familia zilizokwisha kupokea. Baadaye tukaombwa rangi iwe kijani. Tukabaki na ukurasa ambamo kitu cha kijani kinaitwa njano, na skripti inayotafuta njano, na mtu mpya kazini anayekuna kichwa. Jina zuri lingekuwa `class="amepokea"`. Rangi ingebadilika mara kumi, na kupokea kungebaki kupokea.

Mwaka 2005 kulitokea jambo ninalolipenda katika historia hii. Ian Hickson wa Google alichunguza kurasa zaidi ya bilioni 1 ili aone watu wanaandika nini hasa ndani ya `class`. Jina lililoongoza lilikuwa `footer`, yaani sehemu ya chini ya ukurasa. Karibu nalo kulikuwa na majina kama `menu`, `title` na `nav`. Maana yake, watu wa kawaida, bila kikao wala azimio, walikuwa wamekwisha kuanza kuvipa vitu majina kwa kazi yake. HTML5 ilipokuja na elementi mpya za `header`, `footer` na `nav`, sheria ilikuwa inafuata desturi.

Mwaka 2006 John Resig alitoa jQuery. Ghafla ungeweza kukamata elementi yoyote kwa lugha ile ile ya CSS, na baadaye brauza zenyewe zikapata `querySelector` inayofanya hivyo. Kukamata kukawa rahisi, lakini urahisi huo ulirudisha tabia ya zamani kwa mlango wa nyuma: "seli ya nne ya kila mstari" ni rahisi mno kuandika. Kosa langu la 2022 liliandikwa kwa zana za kisasa na akili ya 1995.

Kwa nini jina liwe halali

Kuna waliochoka kukosa mahali pa kuandika habari zao na wakabuni atributi zao wenyewe. Programu ya Dojo, kwa mfano, ilitumia `dojoType`. Brauza zilivumilia, kwa sababu brauza huvumilia karibu kila kitu. Lakini kifaa cha kukagua HTML kiliona makosa kila mstari. Utasema: kama inafanya kazi, shida iko wapi? Ziko mbili. Kwanza, neno ulilobuni leo, kesho sheria inaweza kulipa maana nyingine, na ukurasa wako ukageuka bila weye kuugusa. Pili, mkaguzi akilia mara mia kwa makosa unayoyajua, hutasikia atakapolia kwa lile usilolijua.

Suluhisho liliingia katika HTML5, iliyokamilishwa na W3C tarehe 28 Oktoba 2014: atributi yoyote inayoanza na `data-` ni mali yako, na kawaida haitaichukua kamwe. Ni kama chifu anapotenga kiwanja na kusema, hapa mpande mnachotaka, hakuna atakayewauliza. Hata Dojo walihamia humo. `dojoType` ikawa `data-dojo-type`.

Mwaka huo huo wa 2014, tarehe 20 Machi, ilikamilishwa WAI-ARIA 1.0, kwa ajili hasa ya watu wasioona wanaosomewa ukurasa kwa sauti. Kitufe kinachofungua orodha kinaandikwa `aria-expanded="false"`; kikifunguliwa, skripti inageuza iwe `true`. Skripti inasoma alama ile ile anayosomewa asiyeona. Alama moja inahudumia wawili, na ikiwa ya uongo, wote wawili wanajua haraka.

Fomu tunazobeba milimani

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Wengi wenu mmefanya utafiti wa nyumba kwa nyumba na KoboToolbox, ile programu iliyozaliwa katika Harvard Humanitarian Initiative juu ya msingi wa ODK. Mnakumbuka ile faili ya safu: `type`, `name`, `label`. `label` ndiyo anayoisoma mtu, na unaweza kuiweka kwa Kifaransa, Kiswahili, Kihunde au Kinyarwanda. `name` ndiyo inayosomwa na ordinateri. Haina nafasi katikati na haipaswi kubadilika. Ukibadilisha `label` katikati ya utafiti, hakuna kinachoharibika. Ukibadilisha `name`, majibu ya swali moja yanagawanyika safu mbili, ya Pinga huku na ya Kirotshe kule.

Fomu hiyo ikifunguliwa ndani ya brauza kwa njia ya Enketo, inakuwa ukurasa wa HTML kamili. Kila swali linabeba `name` yake, na kanuni zake zimeandikwa ndani ya atributi za `data-`. Ile inayoamua swali lionekane lini inaitwa `data-relevant`. Kwa hiyo kijana anayeketi Masisi-centre akiuliza habari za mihogo anategemea kila siku uamuzi uleule: usihesabu maswali, yape majina.

Halali si lazima iwe kweli

Hapa lazima nigeukie etiketi nyingine, ambayo sisi wa Masisi na Walikale tunaijua kuliko HTML. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliwataka wenye makampuni waeleze kama madini yao yanatoka kwenye vita vyetu. Septemba mwaka huo serikali yetu ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Halafu ukaenea mfumo wa ITSCI: gunia linafungwa etiketi yenye namba mgodini, na nyingine kwa mfanyabiashara, ili mnunuzi wa mbali ajue koltani au bati hiyo imetoka wapi.

Wazo ni lile lile. Gunia lisitambuliwe kwa rangi ya mchanga wala kwa lori lililolibeba, litambuliwe kwa alama yake. Lakini mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ikisema kwamba etiketi hizo zilitumika pia kusafisha madini ya migodi isiyoruhusiwa. ITSCI walikataa tuhuma hizo. Mwisho wa Aprili 2024 M23 waliishika Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba koltani yake ilivushwa Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Mchanga ukishachanganywa, hakuna namba itakayoutenganisha.

Nililinganisha na kazi yangu nikaogopa kidogo. Kifaa cha kukagua HTML kinaweza kuniambia kwamba `data-teritware="masisi"` imeandikwa sawasawa. Hakiwezi kuniambia kama familia ile kweli inaishi Masisi. Etiketi inaweza kuwa halali kabisa na kusema uongo. Atributi nzuri inaondoa kosa moja, lile la kukamata kitu kisicho chenyewe. Kosa la kuandika uongo juu ya kitu linabaki mikononi mwa mwenye kuandika, na hilo linakaguliwa kwa miguu, kijiji kwa kijiji.

Ninavyofanya sasa

Kwa ndugu na dada walio kwenye kazi za namna hii, nimejiwekea utaratibu huu.

Kwanza natafuta kama HTML yenyewe ina neno la kile ninachotaka. Tarehe ina elementi ya `time` na atributi yake `datetime`. Lugha ina `lang`. Swali la fomu lina `name`. Kichwa cha safu kina `th` na `scope`. Ikiwa neno lipo, nalitumia, skripti inalitafuta hilo hilo.

Pili, kama ni hali ya kitu, kimefunguliwa au kimefungwa, natazama ARIA.

Tatu, kama ni jambo letu wenyewe ambalo W3C hawawezi kulijua, natumia `data-`. Kila mstari wa familia sasa una `data-teritware` na `data-zoni`, kila moja peke yake. Mstari wa yule mama unasema `data-teritware="masisi" data-zoni="katoyi"`. Skripti inauliza `[data-teritware="masisi"]` na haijali safu ziko ngapi wala zimepangwaje.

Nne, skripti yangu inahesabu. Kama familia zote za orodha kuu ni idadi fulani, jumla ya orodha ndogo lazima ilingane nayo. Isipolingana, inakataa kuchapisha. Hiyo haimo katika kawaida yoyote ya Web. Nimefundishwa na kikapu kitupu.

Tano, mwenzangu akisema orodha ni kama imepungua, nasimama na kuangalia.

Mwaka uliofuata safu zilibadilishwa tena, mara mbili, na watu ambao hawakujua hata kama skripti ipo. Orodha zilitoka kamili. Hakuna aliyegundua kitu, na hakuna aliyerudi Katoyi bila mbegu kwa sababu yangu.